Hugo Münsterberg

Hugo Münsterberg (Danzig, 1 Juni 1863 – Cambridge, Massachusetts, 16 Desemba 1916) alikuwa mwanasaikolojia na mwanafalsafa Mjerumani aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa saikolojia tumizi, yaani saikolojia inayotumika kazini, shuleni, hospitalini na mahakamani.

Anakumbukwa hasa kwa kitabu alichotoa mwaka 1908 kuhusu mashahidi. Humo alieleza kwamba mtu mwaminifu, aliyekula kiapo na asiye na nia yoyote ya kudanganya, anaweza kusimulia mahakamani jambo ambalo halikutokea. Kazi yake yote ilifanyika Ulaya na Marekani, lakini swali aliloliuliza limejibiwa pia na mahakama za Afrika Mashariki kwa njia yao wenyewe, kama inavyoelezwa chini.

Maisha ya awali

Münsterberg alizaliwa katika familia ya Kiyahudi mjini Danzig, ambao wakati ule ulikuwa mji wa Prussia na leo unaitwa Gdańsk, nchini Poland. Baba yake, Moritz, alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Mama yake, Anna, alipenda sanaa. Alifariki Hugo akiwa na umri wa miaka 12, na baba naye alifariki miaka michache baadaye. Akiwa kijana Hugo alitunga mashairi na kupiga muziki, na ilimchukua muda kuchagua sayansi.

Alikwenda Leipzig kusoma udaktari. Huko alihudhuria mihadhara ya Wilhelm Wundt, mwanzilishi wa maabara maarufu ya saikolojia, akabadili mwelekeo. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1885, kisha akamaliza masomo ya udaktari Heidelberg mwaka 1887. Mwaka huohuo alimwoa Selma Oppler. Walipata mabinti wawili. Alianza kufundisha Freiburg, na kwa kuwa chuo hakikuwa na maabara ya saikolojia, aliweka vifaa nyumbani kwake na wanafunzi wakafanyia majaribio hapo.

Harvard

Mwaka 1889 alikutana mjini Paris na Mmarekani William James, ambaye alikuwa akitafuta mtu wa kuiongoza maabara ya Harvard. Münsterberg alihamia Marekani mwaka 1892 kwa miaka mitatu ya majaribio, akiwa bado hajui Kiingereza vizuri. Alirudi Freiburg mwaka 1895, kisha mwaka 1897 akahamia Harvard moja kwa moja. Mwaka 1898 alikuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mary Whiton Calkins. Münsterberg alimtetea apewe shahada ya uzamivu, lakini Harvard ilikataa kwa sababu alikuwa mwanamke. Mwanafunzi mwingine, William Moulton Marston, alikuja kujulikana kwa kipimo cha uongo kinachotegemea msukumo wa damu, na pia kwa kumbuni Wonder Woman, mhusika wa vitabu vya katuni.

Saikolojia ya shahidi

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Ujerumani walikuwa wameanza kuchunguza ushahidi kwa majaribio. William Stern alianzisha jarida zima la saikolojia ya ushahidi mwaka 1903. Mjini Berlin, katika darasa la profesa wa sheria Franz von Liszt, wanafunzi wawili walianza kugombana ghafla, mmoja akatoa bastola, ikasikika sauti ya risasi. Yote yalikuwa mchezo uliopangwa. Wanafunzi wengine waliambiwa waandike walichokiona, baadhi yao mara moja na wengine baada ya siku au wiki. Aliyekosea kidogo kuliko wote alikuwa na makosa asilimia 26. Aliyekosea zaidi alifikia asilimia 80. Makosa yaliongezeka katika sehemu ya pili ya tukio, pale hofu ilipopanda. Watu waliokaa kimya waliwekewa maneno mdomoni, na mambo muhimu yaliyotokea mbele ya darasa zima yalisahaulika kabisa.

Münsterberg aliyaleta matokeo hayo kwa wasomaji wa Kiingereza, akaongeza majaribio yake. Alionyesha wanafunzi karatasi yenye vimraba vyeusi 50 kwa sekunde 5 na kuwauliza ni vingapi. Majibu yalianzia 25 hadi 200. Aliwataka wakadirie kipindi cha sekunde 10. Wengine walisema nusu sekunde, wengine dakika nzima. Katika jaribio jingine aliwaambia waangalie kwa makini kitu alichokuwa akikizungusha kwa mkono wa kulia. Wakati huohuo mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifanya vitendo kadhaa juu ya meza, bila kufichwa. Kati ya wanafunzi 100, 18 hawakuona chochote kilichofanywa na mkono wa kushoto. Hao walikuwa vijana wenye afya, katika chumba chenye mwanga, wameketi na hawaogopi kitu.

Mfano wake unaotajwa mara nyingi ni wa ajali ya gari. Mashahidi wawili wenye heshima zao waliiona ajali hiyohiyo. Mmoja aliapa kwamba barabara ilikuwa kavu na yenye vumbi. Mwingine kwamba mvua ilikuwa imenyesha na kulikuwa na tope. Kwa mmoja gari lilikwenda polepole, kwa mwingine lilikimbia kupita kiasi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya.

Hapo ndipo kiini cha hoja yake. Mahakama zilizoea kumpima shahidi kwa kipimo kimoja: anasema kweli au anasema uongo. Münsterberg alisema kuna njia ya tatu, yaani kosa la kweli. Kiapo na hofu ya kushtakiwa kwa uongo humzuia mtu asidanganye, lakini havimsaidii kuona vizuri zaidi wala kukumbuka vizuri zaidi. Alieleza pia kwamba uhakika wa shahidi si kipimo cha usahihi wake, kwani mtu anaweza kukosea huku akiwa na uhakika kamili. Na swali lenyewe huweza kupanda mbegu. Alitaja jaribio ambalo watoto walionyeshwa picha ya chumba cha mkulima, kisha wakaulizwa kama waliliona jiko. Katika picha hapakuwa na jiko, lakini zaidi ya nusu walijibu ndiyo, na waliokwisha kukubali waliweza hata kueleza lilikuwa kona gani.

Münsterberg alijitolea mfano yeye mwenyewe. Mwaka 1907 wezi waliingia nyumbani kwake familia ikiwa pwani kwa mapumziko. Aliikagua nyumba, kisha akatoa ushahidi kwa kiapo. Baadaye aligundua kwamba sehemu kubwa ya maelezo yake ilikuwa na makosa. Alisema wezi waliingia kwa dirisha la chini, kumbe walivunja kufuli ya mlango. Alisema saa ya nyumbani ilifungwa kwa karatasi, kumbe ilifungwa kwa kitambaa cha meza. Hata matone ya mshumaa yaliyoachwa na wezi aliyataja katika ghorofa isiyokuwa yenyewe. Huyu alikuwa profesa aliyejivunia kumbukumbu yake na aliyekuwa amezoea kusema mbele ya watu.

Kesi mbili mashuhuri

Mwaka 1906 kijana aitwaye Richard Ivens alihukumiwa kifo mjini Chicago kwa mauaji ya mwanamke. Alikuwa amekiri baada ya kuhojiwa na polisi, ingawa mashahidi kadhaa walisema alikuwa mahali pengine. Münsterberg aliombwa maoni, akaandika kwamba kukiri huko hakukuwa kwa kweli bali kulitokana na akili iliyoshinikizwa. Barua ilipotangazwa, magazeti yalimshambulia yeye na chuo chake. Ivens alinyongwa Juni mwaka huo. Mkasa huo ulimsukuma Münsterberg kuandika zaidi juu ya mahakama.

Kesi ya pili haikumletea sifa. Mwaka 1907, katika jimbo la Idaho, kiongozi wa wachimba madini William Haywood alishtakiwa kwa mauaji ya gavana wa zamani. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa Harry Orchard, muuaji aliyekiri. Münsterberg alimpima gerezani kwa orodha ya maneno na muda wa kujibu, akaamini kwamba Orchard alisema kweli. Maoni hayo yakavuja magazetini kabla ya hukumu. Juri ilimwachilia Haywood. Mtu aliyewaonya majaji wasiamini upesi alionekana ameamini upesi yeye mwenyewe, na wapinzani wake hawakuacha kulisema hilo.

Upinzani wa wanasheria

Kitabu cha 1908 kiliuzwa vizuri lakini kiliwaudhi wanasheria, kwani mwandishi aliwalaumu waziwazi kwa kukataa msaada wa saikolojia. Mwaka 1909 John Henry Wigmore, bingwa wa sheria ya ushahidi nchini Marekani, alijibu kwa makala ya kejeli. Alitunga kesi ya kubuni ambamo mawakili wanamshtaki Münsterberg kwa kuwachafulia jina, na wanashinda fidia ya dola moja. Chini ya kejeli kulikuwa na hoja nzito: saikolojia ya wakati ule ilionyesha kwamba mashahidi kwa jumla hukosea, lakini haikuwa na njia ya kumwambia jaji kama shahidi huyu aliye mbele yake amekosea au la. Kwa haki ni lazima kusema kwamba hapo Wigmore alikuwa sahihi. Hata hivyo, baada ya jibu lake wanasaikolojia wengi waliachana na mahakama kwa miongo kadhaa, na hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko makosa ya Münsterberg.

Wakati uleule Morogoro

Miaka hiyohiyo Ujerumani ilitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani, na tofauti kati ya mijadala ya Berlin na kesi za koloni ni kubwa. Amri ya Kansela ya Aprili 1896 iliweka kesi za jinai za Waafrika mikononi mwa maofisa wa utawala. Mkuu wa wilaya alipeleleza, alisikiliza mashahidi na kutoa hukumu. Hukumu ya kifo ilihitaji kuthibitishwa na gavana. Kikao hicho kiliitwa shauri, neno la Kiswahili ambalo Wajerumani walilichukua kama lilivyo.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika boma la Morogoro, mji uliofikiwa na reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, mwaka wa kesi ya Idaho. Shahidi aliyeshuka kutoka Milima ya Uluguru alizungumza Kiluguru. Shauri liliendeshwa kwa Kiswahili. Lugha ya serikali ilikuwa Kijerumani. Katika kila hatua ya tafsiri, swali na jibu viliweza kubadilika, jambo ambalo Stern na Münsterberg walikuwa wakilipima madarasani kwa watu wanaozungumza lugha moja.

Kazi nyingine, vita na kifo

Münsterberg aliandika pia juu ya tiba ya akili, elimu na viwanda. Kitabu chake cha 1913 kuhusu saikolojia na tija kazini kilieleza namna ya kuwapima madereva wa tramu kabla ya kuajiriwa, ili ajali zipungue. Mwaka 1916 alitoa kitabu juu ya filamu, kimojawapo cha vitabu vya kwanza duniani kuichukulia filamu kama sanaa inayojitegemea.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, aliitetea Ujerumani hadharani. Marafiki walimwacha, akaitwa jasusi, na mhitimu mmoja wa Harvard alitishia kuondoa urithi mkubwa aliotaka kukiachia chuo asipofukuzwa. Chuo kilikataa kumfukuza.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliingia Morogoro, huku Wajerumani wakirudi nyuma kuzunguka Milima ya Uluguru. Miezi minne hivi baadaye, tarehe 16 Desemba, Münsterberg alianguka mbele ya wanafunzi wake katika Chuo cha Radcliffe alipokuwa ameanza tu mhadhara, akafa palepale. Alikuwa na umri wa miaka 53. Binti yake Margaret alichapisha wasifu wake mwaka 1922.

Baada ya kifo chake

Kwa sababu ya vita na ya tabia yake ya kujisifu, jina lake lilisahaulika haraka. Utafiti juu ya mashahidi ulipata nguvu mpya miaka ya 1970, hasa kwa kazi za Elizabeth Loftus nchini Marekani, aliyeonyesha kwamba neno moja ndani ya swali linaweza kubadilisha kasi ya gari ambayo shahidi anaikumbuka. Vipimo vya DNA vilipoanza kutumika kuchunguza upya hukumu za zamani, ilionekana kwamba katika zaidi ya nusu ya kesi za Wamarekani waliosafishwa kwa njia hiyo, shahidi wa macho alikuwa amemtambua mtu asiye mhusika.

Uingereza ilikuwa imejifunza mapema kidogo. Adolf Beck alifungwa mwaka 1896 baada ya wanawake wengi kumtambua kama tapeli aliyewaibia, na mwaka 1904 alitiwa hatiani tena; wote walikuwa wamemchanganya na mtu mwingine. Aibu hiyo ilichangia kuundwa kwa Mahakama ya Rufani ya Jinai mwaka 1907.

Ushahidi wa utambuzi katika mahakama za Tanzania

Afrika Mashariki ilipokea sheria ya Uingereza, na majaji wake walifikia tahadhari hiyo kwa kupitia rufaa walizozisikiliza wenyewe. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba shahidi mmoja anatosha kuthibitisha jambo, lakini ushahidi wake wa kumtambua mtu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa kama mazingira yalikuwa magumu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 nayo haidai idadi maalumu ya mashahidi.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979. Mwaka uliofuata ilitoa uamuzi katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ambao hadi leo hutajwa karibu katika kila kesi ya utambuzi. Kwa mujibu wa uamuzi huo, mahakama isimtie mtu hatiani kwa utambuzi wa macho mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Hakimu aulize shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Anayesoma orodha hiyo pamoja na majaribio ya Harvard ataona kwamba inagusa mambo yaleyale: muda, mwanga na umbali.

Maswali hayo si ya vitabuni tu. Milima ya Uluguru ina vilele vinavyozidi mita 2,600, na vijiji vya upande wa Mgeta hufunikwa na ukungu mara kwa mara. Nyumba zimetawanyika kwenye miteremko. Mtu akivamiwa usiku mahali kama hapo, mwanga wake unaweza kuwa koroboi, mbalamwezi au tochi. Mahakama ya Rufani imeeleza katika maamuzi ya baadaye kwamba haitoshi kusema kulikuwa na taa. Shahidi aeleze taa ya aina gani na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani. Kuhusu tochi imetofautisha kati ya anayeishika na anayemulikwa: anayemulika huona vizuri, anayemulikwa machoni haoni. Imesema pia kwamba hata mtu anayemfahamu mwenzake, akiwa jirani au ndugu, anaweza kumfananisha.

Kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi uzito. Aliyewaambia majirani waliofika baada ya yowe, au mwenyekiti wa kitongoji usiku uleule, huaminiwa kuliko anayelitaja jina baada ya wiki. Sababu yake ni rahisi kuielewa: katika wiki moja kijiji kizima kimeshazungumza, na shahidi anaweza kukumbuka jina alilolisikia akidhani ni uso aliouona. Kama mtuhumiwa hakufahamika kabla, polisi huandaa gwaride la utambuzi, ambalo peke yake halitoshi ila huunga mkono ushahidi mwingine.

Uzito wa suala unaonekana kwenye adhabu. Unyang'anyi wa kutumia silaha nchini Tanzania una kifungo kisichopungua miaka 30, na mauaji ya kukusudia yana adhabu ya kifo. Upande wa pili yupo aliyeibiwa au kufiwa, ambaye kweli alimwona mhalifu, na anaweza kuona mshtakiwa akiachiwa huru kwa sababu hakuulizwa vizuri juu ya taa. Wakati mwingine lawama inayotupwa kwa shahidi ingefaa kwenda kwa aliyeandika maelezo yake kituoni.

Münsterberg alitaka wanasaikolojia waitwe mahakamani kama mabingwa. Tanzania, kama nchi nyingi zenye sheria ya Kiingereza, imeliacha jukumu hilo kwa hakimu na jaji, ambao hujionya wenyewe kabla ya kuamini. Kwa muda mrefu kulikuwa na ugumu mwingine: juu ya ngazi ya mahakama za mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na kumbukumbu ya kesi ikaandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo maneno ya shahidi juu ya mwanga na umbali yanaweza kuandikwa kama alivyoyatamka.